Samaki Hachinjwi: Je, Ndiyo Tumemalizana Naye?



Kwamba samaki hachinjwi, kila mmoja wetu amelijua tangu madrasa. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuvi ya majini (Suratul Maida, aya ya 96), na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya bahari alifundisha kuwa maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Kwa hiyo tukinunua ngege hatuulizi nani kamuua, wala kwa jina la nani. Swali langu linaanzia pale somo la madrasa lilipoishia: kwa kuwa sheria haikututaka tumchinje samaki, je, imeturuhusu tusijali anakufaje?

Kwetu sisi tunaosoma Mbarara, na kwa wenzetu wa Nakivale kule Isingiro, swali hili lina jina. Linaitwa kambare.

Ngege ukimtoa majini, matamvua yake hushikana na hewa ikamkosa. Muda si mrefu amekufa. Kambare si hivyo. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama kijiti, na kwa kiungo hicho huvuta hewa kama tunavyoivuta sisi. Ngozi yake ikibaki na unyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi. Usiku wa mvua hutambaa matopeni kutoka dimbwi moja hadi jingine. Kamongo, jirani yake katika Ziwa Nakivale, amezidi: ana mapafu kamili, na akiwa mkubwa ukimzuia asipande juu kuvuta pumzi, huzama akafa ndani ya maji yale yale alimozaliwa.

Uwezo huu ni neema kwa mchuuzi. Pasipo na barafu, uhai wa samaki ndiyo barafu yenyewe: kambare husafirishwa katika beseni au gunia bichi, akafika sokoni akiwa bado anapinda mkia. Kumweka hai kwa haja hiyo si kosa. Tatizo ni mwisho wake. Yuko anayemtupa sakafuni na kumwacha hadi atulie mwenyewe. Yuko anayemmwagia chumvi angali hai ili utelezi umtoke. Yuko anayeanza kumpasua tumbo huku anajinyonganyonga. Ukiuliza, jibu ni moja: "Samaki hachinjwi."

Mfikirie na kiumbe mwingine wa maji ya Uganda: kobe wa maji mwenye gamba laini, anayeishi katika Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison na katika Ziwa Albert. Akiwa chini ya maji huweza kujipatia sehemu ya hewa kupitia ngozi na koo, lakini hupanda mchangani kutaga mayai. Huko China jamaa yake hufugwa na kuuzwa kwa mamia ya mamilioni. Maulamaa wamehitilafiana juu ya kumla kobe wa namna hii. Mahanafi hawahalalishi cha majini ila samaki, rai mashuhuri ya Mashafi ni kumkataza, Mamaliki wanamruhusu, Mahanbali wanamruhusu kwa sharti achinjwe, kwa kuwa huishi pia nchi kavu.

Tulitazame sharti hilo la mwisho. Kiumbe anayeweza kuishi nje ya maji hakuachiwa ukavu umuue. Mwanadamu ametakiwa amkate kwa kisu. Simfanyi kambare kuwa kobe. Kambare ni samaki, na nyama yake ni halali bila kuchinjwa. Ninachosema ni kwamba uhalali wa nyama ni swali moja, na namna ya kuua ni swali la pili. Aliyejibu la kwanza hajajibu la pili.

Na la pili lina jibu, tena ndani ya madhehebu ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata. Wanafiqhi wa Kishafi wameandika kwamba kumchinja samaki ni makuruhu, kwani ni kujisumbua bila haja. Kisha wakavua: isipokuwa samaki mkubwa ambaye uhai wake hurefuka baada ya kutolewa majini, huyo inapendeza achinjwe ili apumzishwe. Hawakusema ili awe halali, maana halali alikwisha kuwa. Msingi wake ni hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, hata katika kuua.

Atasema mtu: samaki hahisi maumivu. Wanasayansi bado wanajadiliana. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kuwa samaki aina ya trauti ana neva za kupokea madhara, na wapo wataalamu wanaokataa kwamba hilo ni maumivu kama yetu. Lakini wanafiqhi hawakungoja maabara. Waliona kiumbe anayechelewa kufa, wakaona inatosha kumharakishia raha.

Atasema mwingine, na huyu nampa uzito zaidi: Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wake wameona mgao wa chakula ukipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, kisha mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwenye njaa umhubirie huruma kwa kambare? Ningekubali kama huruma hii ingemgharimu senti moja. Haimgharimu. Pigo moja zito la rungu kichwani na kisu nyuma ya kichwa ni kazi ya sekunde chache, na kilo haipungui. Tena kumwambia mkimbizi kwamba ihsani ni ya walioshiba ni kumvunjia heshima. Amri ile haikubagua tajiri na maskini.

Wenye deni kubwa zaidi ni wafugaji, na wengi wetu tunaosoma kilimo na biolojia tutakuwa wao. Kambare bwawani kwa kawaida hatagi mwenyewe. Jike huchomwa sindano ya homoni ndipo akamuliwe mayai. Dume, kwa kuwa mbegu zake hazikamuliki kwa urahisi, mara nyingi huuawa na kupasuliwa. Vifaranga hulana wasipotengwa kwa ukubwa. Samaki wa ziwani tunakutana naye siku ya kufa tu. Wa bwawani yuko mikononi mwetu tangu yai. Yule mwanamke wa hadithi aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Kufuga ni dhamana.

Basi ndugu yangu, ukinunua kambare hai, mwombe mchuuzi ampige kwanza kabla ya kumpasua. Ukiwa na bwawa, rungu na kisu kikali viwe miongoni mwa vifaa vyako kama ulivyo wavu. Na tukiulizwa katika darsa kama samaki huchinjwa, tusiishie kwenye nusu ya jibu.

Wallahu a'lam.