Mwizi na Aliyemshindisha Njaa

Mwizi akishikwa, husikiwa barazani maneno ya namna mbili. Mmoja husema, "Mwacheni, ndivyo alivyoandikiwa." Mwengine husema, "Huyo kazaliwa mwizi, hafundishiki." Maneno haya yaonekana kupingana, na hali asili yake ni moja: yote mawili humvua mwanadamu hiari yake.

Ama la kwanza ni neno la Majabriya wa kale, waliomfanya mja kuwa kama unyoya mbele ya upepo. Jawabu lake ni jepesi. Asemaye hivyo na aibiwe mbuzi wake yeye, kisha atazamwe kama atanyamaza kwa kuwa ni maandiko! Mwendo wa Ahli Sunna, kama alivyoueleza Imamu Abulhasan Al-Ash'ari, ni kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa kitendo, na mja ndiye mwenye kukichuma. Na kwa chumo lake ndipo huulizwa.

Neno la pili lilipata watu wake hata Ulaya. Tabibu wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu mwaka 1876 akidai kuwa wako wahalifu wa kuzaliwa, wajulikanao kwa umbo la fuvu na taya. Mwaka 1913 Charles Goring, tabibu wa jela za Uingereza, akatangaza hesabu zake baada ya kuwapima wafungwa kiasi cha 3,000; umbo hilo hakuliona. Na Waislamu walikwisha kufunzwa na Mtume wao (S.A.W.) kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya umbile safi, kisha wazazi wake ndio humgeuza.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulipita mbio. Kumthubutishia mwizi hiari yake si kuwatoa wengine katika lawama. Watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja. Hawakukana. Sayyidna Umar (R.A.) akaamuru wakatwe mikono, kisha akafikiri, akamwelekea bwana wao, akamwambia kuwa aona yeye huwashindisha na njaa. Imepokewa kuwa amri ile ya kukata aliirudisha. Akamwuliza mwenye ngamia thamani yake, naye akasema alikataa kumwuza kwa dirhamu 400. Hatib akaamriwa alipe 800.

Ni kweli kwamba Imamu Malik, aliyeipokea habari hii katika Muwatta, amesema kuwa kuzidisha thamani mara mbili sio mwendo ulioshikwa Madina. Hilo ni la kiasi cha malipo. Kwamba njaa hutazamwa kabla ya mkono kukatwa, hata mafakihi wa Kishafii wameliandika: mwizi wa chakula katika mwaka wa njaa, ikiwa chakula hakipatikani, hakatwi.

Basi wale watumwa walikuwa na hiari, wala Sayyidna Umar hakuwaambia kuwa hawana kosa. Ila alipotafuta wa kulipa, hakumtafuta miongoni mwao.