Medali Bila Mbio



Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu. Nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21, huwa namaliza katikati ya kundi. Ule mlima wa kuelekea Mweka unachosha kwelikweli, na hapo ndipo wazo huja: ukigeuza kabla ya alama, nani atakuona? Medali utavishwa ileile.

Sasa tujiulize: ukifanya hivyo, umepoteza nini?

Aristotle anafundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu. Basi medali unaweza kuiiba, lakini uvumilivu ambao mlima ungekujengea, huo hauibiki. Unakuwa umejiibia mwenyewe.

Mtazame John Stephen Akhwari wetu, jijini Mexico City, 1968. Alianguka, akaumia goti, akawa wa mwisho kati ya waliomaliza. Medali hakupata, ila mbio alizikimbia zote.

Kijana, kuibia mtihani ni kugeuza kabla ya alama. Kusali ili uonekane, vilevile. Watu wanaona medali. Mungu anaijua njia uliyopita. Leo, mlima wako upande wote.