Mtoto, Jinsia na Hadhi ya Mtu

Huko Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, ambako Kiswahili humwita kila mtoto yeye, swali la utambulisho wa kijinsia, yaani namna mtu anavyojitambua kuwa mwanamume au mwanamke, huzuka zaidi katika kazi kuliko katika viwakilishi, kwa mfano mvulana anapochekwa kwa kuanika usipa, dagaa wa ziwa hilo, pamoja na dada zake. Kuhusu swali hilo, tamko la Vatikani la mwaka 2024, *Dignitas Infinita*, lilikataa nadharia inayotenganisha jinsia na mwili, lakini lilisisitiza kwamba hadhi ya mtu haiondolewi na hali yoyote. Kwa hiyo mzazi Mkatoliki hana budi kumweleza mtoto imani ya Kanisa kwa kadiri ya umri wake, na kumkataza kabisa kumdhihaki mwenzake.