Ujira wa Fundi wa Motokari, na Amana Iliyomo Ndani Yake

Mtu anunuapo mchele huutia mkononi akautazama punje zake na kuunusa. Anunuapo kitambaa hukivuta akaona nguvu ya nyuzi zake. Lakini apelekapo motokari yake kwa fundi hununua kitu asichokiona wala kukijua. Hajui ni maradhi gani yaliyoipata, hajui dawa yake, hajui dawa hiyo yauzwaje. Na hata kazi ikiisha hajui kama kweli ilifanywa. Fundi ndiye tabibu aelezaye ugonjwa, ndiye muuza dawa, na ndiye kadhi ahukumuye kuwa mgonjwa amepona. Mambo matatu haya yamekusanyika katika mkono mmoja, na mkono huo ndio ulipwao. Basi suala lililo mbele ya mwenye akili si kuwa mafundi ni wezi au si wezi, kwani kila kazi ina wema wake na waovu wake. Suala ni hili: ujinga wa mwenye gari ni mali ya nani? Je, fundi ana haki ya kuufanyia biashara?

Jawabu lake ni la zamani kuliko motokari. Yajulikana khabari iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya chakula, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye chakula akajitetea kwa mvua. Naye akamlaumu kwa kutouweka ule ulioroa juu, watu wapate kuuona. Na ayatazame msomaji mambo yaliyotendeka pale. Muuzaji yule hakusema uwongo hata neno moja. Alinyamaza tu, na ule ukavu wa juu ukasema kwa niaba yake. Hali kadhalika fundi aonaye kuwa taa haziwaki kwa sababu ya fyuzi moja, naye akanyamaza, akamwacha mwenye gari aendelee kuogopa kuwa nyaya zote zimeungua. Yeye naye ameficha unyevu chini ya chungu.

Amma bei yenyewe, ndani yake mna vitu vitatu: thamani ya spea, ujira wa mikono, na ujira wa kuujua ugonjwa. Spea nazo si namna moja. Iko ya asili itokayo kiwandani, iko ya kuiga, na iko iliyofunguliwa katika gari kuukuu lililotoka Japani. Zote tatu zauzika, na masikini huenda akachagua ile ya mwisho kwa kuijua hali yake. Kosa si kuuza ya kuiga, kosa ni kuiuza kwa jina la ile ya asili.

Kipande cha tatu, yaani ujira wa kujua, ndicho wakikataacho watu wengi, na hapa lawama haiko kwa fundi peke yake. Fundi hukaa miaka kumi chini ya magari akimeza mafuta na vumbi, hata sikio lake likawa likisikia injini lajua pana nini. Aletewapo gari akalitambua ugonjwa wake kwa robo saa, akakaza nati moja likawaka, mwenye gari husema, “Kukaza nati moja tu, wataka shilingi elfu mbili?” Humpa mia tatu na asante. Fundi yule amejifunza somo siku ile. Mara ya pili hatakaza nati. Atasema pampu imekufa, ataleta pampu ya shilingi elfu sita, aseme ni elfu tisa, na mwenye gari atalipa bila kinyongo kwa kuwa ameona chuma kipya kwa macho yake. Hapo ndipo khiana ilipozaliwa, na wazazi wake ni wawili.

Hata hivyo dhulma ya mteja haimhalalishii fundi khiana. Katika spea pana tofauti ambayo mafundi wengi hawaifikiri. Fundi mwenye duka lake, aliyenunua pampu kwa mali yake na kuiweka, huyo ni mfanyi biashara; akisema “pampu hii naiuza elfu tisa” na mwenye gari akaridhika, faida ni yake, wala halazimiki kusema aliinunua kwa ngapi. Lakini fundi apewaye fedha na mwenye gari, akaambiwa, “Nenda kaninunulie pampu,” huyo ni wakili. Alichopunguziwa na mwenye duka ni cha aliyemtuma, na kilichobaki ni cha aliyemtuma. Akinunua kwa elfu sita akasema elfu tisa, ile elfu tatu si faida wala si ujira, ni mali ya mtu aliyoishika bila haki. Na risiti iliyoandikwa elfu tisa kwa mapatano yake na mwenye duka haiitakasi. Yamtia na mwenye duka katika dhambi ile. Akitaka elfu tatu kwa taabu ya kwenda na kurudi juani, na aitaje. Huenda akapewa.

Wala asidhani mtu kuwa salama iko katika gereji kubwa zenye vioo na viti vya kungojea. Mwaka 1992 serikali ya jimbo la California katika Marekani ilitangaza kuwa ilipeleka magari kwa siri katika gereji za kampuni kubwa ya Sears, ikakuta kuwa mara nyingi watu huuziwa matengenezo yasiyohitajika. Sababu iliyotajwa ni kuwa wahudumu walilipwa sehemu ya walichokiuza na kuwekewa idadi ya vitu vya kuuza. Na baada ya hayo kampuni ikayaondoa malipo ya namna hiyo kwa wale waliokuwa wakiwashauri wateja. Mtu alipwaye kwa wingi wa maradhi atayaona maradhi mengi, awe California au awe Kisauni.

Na katika pwani yote hakuna neno lililoharibu mali na udugu kwa upole kama neno “tutaelewana.” Mwenye gari huona haya kuuliza bei, khasa fundi akiwa jirani, au mtoto wa ami yake, au mwenziwe wa safu moja msikitini, huona kuuliza ni kumtuhumu. Fundi naye huona haya kutaja. Basi huachana kwa tabasamu na dua, na siku ya tatu hukutana kwa ghadhabu, kila mmoja na bei yake kifuani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameizungumza hali hii katika Minhaj, kwa mfano wa mtu ampaye mshonaji nguo aishone wala usitajwe ujira. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kuwa mshonaji hana ujira. Na iko kauli nyingine kuwa akijulikana kwa kazi hiyo hupata, nayo imeonwa kuwa nzuri. Asikimbilie mwenye gari kauli ya kwanza ili ale jasho la mtu. Faida ya kuijua ni kuona jinsi wanavyuoni walivyolichukia jambo la kuanza kazi bila kutaja.

Kazi za gari ni namna mbili. Ziko zijulikanazo mwanzo wake na mwisho wake: kubadili oili na filta, kutia pedi za breki, kufunga mkanda mpya. Hizi ni ijara khalisi, na ujira wake utajwe kabla ya spana kushikwa. Fundi akiimaliza kwa saa moja kazi iliyodhaniwa ni ya siku nzima, mwenye gari asinung'unike. Amekodi kazi, hakukodi jua.

Namna ya pili ni maradhi yasiyojulikana. Gari huzimika njiani likipata moto, na likipoa huwaka kama halikuwa na neno. Hapa atajaye bei mara moja ama anabahatisha ama amejiwekea akiba. Siku hizi hutiwa kompyuta, ikatoa namba, na watu huipokea namba ile kama fatwa. Namba husema injini imelalamika wapi, haisemi ni kwa nini. Lalamiko la kuwa hewa imezidi petroli laweza kuletwa na mpira uliopasuka, au pampu ya petroli iliyochoka, au sensa ya hewa iliyoingia uchafu. Fundi abadilishaye sensa, kisha pampu, kisha mpira, na kila kitu akakilipisha, hakutengeneza. Amecheza bahati nasibu kwa fedha za mwenziwe. Kazi ya namna hii yafaa kwa jiala: “ukiliponya gari hili utapata kadha.” Akiliponya hupata, akiacha mwenyewe kabla ya kufika hana kitu, na mwenye gari akimkatiza kati kati humlipa ujira wa mithili kwa aliyokwisha fanya. Au mwenye gari alipe ujira wa kutafuta peke yake, uliotajwa, kisha apewe khabari na aende nayo atakako. Fundi akubaliye sharti hili la pili ni wa kutafutwa hata kama yuko mbali, kwani ameridhika kusema ugonjwa bila kuuza dawa.

Basi atambuliwe fundi kwa mambo kama hayo, wala si kwa kofia na tasbihi iliyotundikwa juu ya meza. Atazamwe kama ajua kusema “sijui.” Atazamwe kama husema “hili laweza kungoja mpaka mwezi ujao,” maana neno hilo lampunguzia chakula chake. Atazamwe gari lililolala kwake: mkono wa fundi ni mkono wa amana, na kitu kikiharibika pasi na uzembe wake halipi; lakini akilitoa usiku kwenda nalo arusini kwa mambo yake, amevuka mpaka, na likigongwa ni juu yake, hata kama aliyemgonga ndiye mwenye makosa.

Na yaandikwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni, na hakuna aonaye kuwa aya ile yamtukana mtu. Katika Kenya sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji ina mlango mzima wa matengenezo ya magari: fundi atoe makisio kwanza, asiyapite kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, na amtolee mwenye gari kile kilichofunguliwa. Wengi wenye magari hawajapata kuisikia, na mafundi ni zaidi. Karatasi hiyo yamlinda fundi kuliko inavyomlinda mteja. Katika Minhaj iko pia khabari ya mshonaji asemaye, “Uliniamuru niikate joho,” na mwenye nguo asema, “Bali kanzu.” Hukumu iliyo dhahiri zaidi ni kuwa mwenye nguo atasadikiwa kwa kiapo chake, mshonaji hana ujira, na tena atalipa upungufu ulioingia katika kitambaa. Fundi aliyeifungua injini nzima kwa neno la simu lisilo shahidi amesimama mahali pale pale alipo mshonaji yule.