Usiku Usio na Mgeni

Kiswahili kimeweka siri kubwa ndani ya neno dogo. Kipaji, yaani ule uwezo wa kutunga, kuimba, kuchonga au kuchora usiofundishika wote darasani, ni neno lililotoka katika kitenzi cha kupa. Na Mpaji, kwa kauli ya kila siku ya watu wa mwambao, ni Mungu. Anayekiri kwamba ana kipaji amekwisha kukiri, hata kama hakukusudia, kwamba alipewa. Na aliyepewa huulizwa maswali ambayo aliyejinunulia haulizwi: amepewa na nani, amepewa kwa ajili ya nani, na amekifanyia nini alichopewa?

Maswali hayo yanawagusa zaidi wale wasanii wa mwambao na visiwa ambao sanaa yao huchota katika visima vitatu: ibada, maumbile na maisha ya watu. Mwenye kuinua dhikiri hakuitunga dhikiri. Mwenye kuchonga mpingo hakuuotesha mpingo. Mwenye kuimba uchungu wa waja huimba machozi ambayo si yake peke yake. Ilhali siku hizi vyote hivyo hupanda majukwaani, huingia madukani, hurikodiwa na kuvuka bahari. Je, msanii ana haki gani ya kuuza kilichochotwa katika kisima cha wengi? Na iwapo ana haki hiyo, mpaka wake uko wapi?

Aghalabu majibu huja kutoka pande mbili. Upande mmoja husema kwamba kilichozaliwa kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya chumba cha siri, kikitolewa nje kimekufa. Kilichobaki ni maganda. Upande wa pili husema kwamba sanaa haina kwao, na kwamba msanii asiyetoka nje atakufa na njaa pamoja na sanaa yake. Pande hizi mbili hugombana kwa ukali, lakini zina jambo moja zinalokubaliana bila ya kujua: zote hupima sanaa kwa mahali inapoonyeshwa na kwa fedha inayopokewa. Yumkini hapo ndipo zote mbili zinapokosea.

Kwanza mahali. Historia ya Lamu ina funzo katika jambo hili. Habib Swaleh Jamalilleil, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alifanya maskani katika mji huo mwishoni mwa karne ya 19, akawa karibu na wanyonge, wakiwemo waliotoka utumwani, akawafundisha dini. Alipoyahuisha maulidi ya al-Habshi, yaliyotoka Hadhramaut, pamoja na matari yake, wako waliochukizwa: vipi ngoma iingie pahala pa ibada? Leo maulidi ya Lamu, yenye kitovu chake katika Msikiti wa Riyadha, huwakusanya watu kila mwaka kutoka pembe mbalimbali za mwambao, na matari yale yaliyoonekana kuwa uzushi ndiyo ambayo wengi huyaona kuwa sauti yenyewe ya mapenzi kwa Mtume. Kilichokuwa nje kimekuwa ndani. Basi mahali peke yake hapatoshi kuwa hakimu, kwa kuwa mpaka wa ndani na nje umewahi kusogezwa na watu wema, kwa nia njema.

Pili fedha. Ni kosa kudhani kwamba msanii wa zamani alifanya kazi bure na kwamba ulipaji umeletwa na watalii. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, na kila aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu amewaona wasikilizaji wakiinuka, wakicheza taratibu hadi mbele, wakimtuza mwimbaji noti mkononi. Tuzo ile ni fedha, lakini si bei. Anayetuza husema, "Maneno haya yamenipata," na wote waliohudhuria humshuhudia. Bei huwekwa kabla ya wimbo; tuzo huja baada ya wimbo kumgusa mtu. Hivyo fedha nayo si najisi. Lililo muhimu ni kama fedha ndiyo iliyomtuma mwimbaji, au imemkuta njiani.

Madhali mahali na fedha havitoshi kuwa kipimo, kipimo ni kipi? Mfano wa maulidi ya homu ya Unguja unaweza kusaidia. Wanaume hukaa kwa magoti katika safu moja, bega kwa bega, nyuma yao wakiwa wapigaji matari na waimbaji wa kaswida. Mwendo huanza polepole, kichwa kikiinama na kuinuka, kisha kiwiliwili, kisha mikono, mpaka safu nzima inakwenda kama wimbi moja. Uzuri wake umo katika subira hiyo. Mwili hauruhusiwi kukimbia kabla ya moyo kufika. Sasa vikundi vya homu vimekwisha kupanda katika majukwaa makubwa, likiwemo lile la tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, na vimekwisha kusafiri hadi ng'ambo. Iwapo mwenye hoteli atamwomba kiongozi wa kikundi alete homu ya dakika kumi baada ya chakula cha usiku, na aanzie pale panapochangamka, kiongozi huyo ajibu nini?

Mwenye msimamo mkali atamtaka akatae. Mwenye kupenda uhuru atamtaka akubali. Lakini yako masuali mengine yanayotangulia jibu hilo: kikundi hicho hufanya nini katika usiku usio na mgeni? Je, mtaani kwao, panapokuwa na harusi au nadhiri au mfungo sita, bado hukaa kwa magoti tangu mwanzo wa maulidi hadi mwisho wake, pasipo na kamera wala malipo ya kutajika? Je, vijana wadogo wanafunzwa kaswida nzima na maana yake, au wanafunzwa zile dakika kumi tu? Ikiwa usiku ule wa nyumbani ungali hai, basi kinachopelekwa hotelini ni sampuli ya nguo ambayo jora lake limo nyumbani. Ikiwa usiku ule umekufa, hata dakika kumi zile zitakuwa zimeibwa, kwa kuwa hakuna tena zilipokatwa.

Hicho ndicho kipimo kinachostahiki kushikwa: uaminifu wa msanii haujulikani kwa anachofanya mbele ya hadhira, bali kwa anachokilipa kisima chake pale ambapo hakuna anayemtazama. Kwani sanaa iliyovuviwa ni deni, na deni hulipwa kwa mwenye kudai, si kwa wapita njia.

Deni la maumbile linaonekana vizuri zaidi katika mikono ya wachongaji wa Kimakonde. Inasimuliwa kwamba mtindo wa mashetani ulianza pale mchongaji Samaki Likankoa, aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1950, alipovunjikiwa na mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga. Badala ya kulitupa gogo, aliufuata ule mvunjiko, na kutoka humo likazuka umbo ambalo si la mtu wala la mnyama. Ikiwa kisa hiki ni cha kweli chote au kimeongezwa chumvi, maana yake ni ya kweli: mti nao ulikuwa na kauli, na mchongaji akaisikiliza. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani hao katika mti na kuwatia katika rangi, wakacheka na kula na kugombana kama majirani, mpaka mtazamaji akashindwa kujua kama anatazama viumbe wa ghaibu au anajitazama mwenyewe.

Lakini mpingo hukua polepole mno. Huhitaji miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuvunwa, muda unaopita umri wa kazi wa mchongaji yeyote. Maana yake ni kwamba kila anayechonga leo hutumia mti uliochipua kabla yake, na hana njia ya kulipa ila kumlipa asiyemjua: mchongaji ambaye hajazaliwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, katika Wilaya ya Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ambapo wanakijiji wenyewe ndio wenye kuulinda msitu na kufaidika nao. Wanakijiji hao hawaitwi wasanii. Hata hivyo, mtu akiulizwa ni nani mwaminifu zaidi kwa sanaa ya Kimakonde, anayechonga sanamu mia bila ya kuuliza gogo limetoka wapi, au anayekataa mti mchanga usikatwe, jibu si gumu. Mlinzi wa mti ule ni msanii wa usiku usio na mgeni.

Deni la watu ni gumu zaidi, kwa sababu watu wana siri, na mti hauna. Hapo hapana budi kumkumbuka Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Aliimba taarabu, na hakuficha kwamba alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti binti Saad. Lakini kilichomtofautisha na waimbaji wengine ni ngoma ya unyago, ambayo aliifunga kiunoni na kuipiga mbele ya dunia nzima, hadi akapata tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005. Unyago ni chuo cha wanawake. Humo wari hufundwa mambo ya mwili, ndoa na heshima, na mwanamume hana ruhusa ya kuingia. Wako walioona kwamba Bi Kidude amevunja mlango.

Ila mwenye kutazama kwa makini huona kwamba aliyekuwa mlangoni ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alichokipeleka jukwaani ni mdundo na baadhi ya nyimbo. Somo lenyewe, lile ambalo mwari huambiwa uso kwa uso, halikupanda ndege. Naye hakuacha kuwa mfundaji kwa sababu amekuwa mashuhuri. Aliendelea kuwafunda wari hata katika uzee wake. Hapa pana hekima inayopaswa kuzingatiwa: kutunza siri si kukaa kimya, bali ni kujua sentensi gani isisemwe. Msanii ambaye kila alichonacho kinauzika hana tena chumba cha ndani, na mtu asiye na chumba cha ndani hana pa kumkaribisha mgeni.

Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alilipa deni la namna nyingine. Hakupata elimu kubwa ya shule. Alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi, na bahari aliyoiweka katika tungo zake aliijua kwa viganja vya mikono kabla ya kuijua kwa vina na mizani. Diwani yake ya Kimbunga, iliyochapishwa mwaka 1994, ilimfanya ajulikane mbali na kisiwa chake. Angeweza kuridhika na hilo. Lakini pia alikaa akakusanya maneno ya watu wake, yakatoka kuwa Kamusi ya Kitumbatu mwaka 2006. Kamusi haipigiwi makofi. Hakuna ukumbi unaosimama kwa sababu neno la wavuvi limeandikwa pamoja na maana yake. Ni kazi ya usiku, ya mtu anayejua kwamba ushairi wake ulikopa maneno katika midomo ya wazee, na kwamba maneno hayo yakipotea, deni litabaki bila ya mdai.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni la njaa. Ni rahisi kumhubiria msanii juu ya amana ilhali watoto wake wanasubiri unga. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake haliwezi kumwangukia msanii peke yake. Anayefurahia homu, sanamu, wimbo au shairi naye amechota katika kisima kilekile, na naye ana deni. Mji unaojivunia wasanii wake mbele ya wageni, kisha ukawasahau wanapougua, hauna haki ya kuwauliza kwa nini wameuza kwa bei rahisi. Anayetaka usiku usio na mgeni uendelee kuwepo hana budi kuja usiku huo, kukaa, na kutuza.

La pili ni la nia. Nani awezaye kuona ndani ya moyo wa msanii? Hakuna, na hapana haja. Nia ni baina ya mja na Mola wake. Lakini deni lina dalili zake za nje, ambazo jirani huziona: msanii humtaja aliyemfunza, humfunza mwingine pasipo kuficha ufunguo, na lipo jambo moja ambalo, akiahidiwa fedha yoyote, husema hapana. Asiye na hata moja katika hayo, kipaji chake kinaweza kung'ara kwa muda, lakini atakuwa amekaa katika nyumba ya kupanga na kuiita yake.

Wageni huja na kuondoka. Taa za jukwaa huzimwa, na matari hurudishwa majumbani. Hapo ndipo msanii hubaki na Mpaji wake, na mti wake, na watu wake. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo haya hayana siku ya mwisho. Hulipwa kidogo kidogo, kila usiku, kwa mkono uleule uliopokea.