Saa janja: Tunapima au tunapunja?

MWAKA jana nilinunua saa janja mbili pale Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya mama yangu mzazi anayeishi Nansio, Ukerewe, ambaye ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi.

Yangu niliitaka kwa sababu ya ushauri wa daktari. Nina umri wa miaka 36, kazi yangu ni kusimama ubaoni asubuhi na kukaa kusahihisha madaftari jioni, na uzito ulikuwa umeanza kunizidi. Daktari akaniambia nitembee. Nikaona nikiwa na saa ya kuhesabu hatua nitajisimamia vizuri zaidi.

Ya mama ilikuwa na jambo kubwa zaidi. Kijana aliyekuwa akiuza alinionyesha boksi, akaniambia: "Ustadh, hii inapima mapigo ya moyo, presha, usingizi na sukari. Hakuna tena kutoboa kidole." Akaifunga mkononi mwake, taa ya kijani ikawaka upande wa chini, na baada ya muda mfupi kioo kikaandika 5.4. Nilifurahi mno. Nikalipa shilingi elfu 55 bila kuvutana sana juu ya bei, na Jumamosi iliyofuata nikapanda meli kwenda Nansio.

Mama aliipenda. Vidole vyake vilikuwa vimechoka kutobolewa. Kila nilipompigia simu kumjulia hali alinijibu kwa furaha: "Mwanangu, hii saa yako hainigombezi. Kila siku inaniambia mzima." Kipimo chake cha zamani kikawekwa kabatini, na mimi nikaacha kutuma fedha za stripu za kila mwezi.

Wiki tano baadaye dada yangu alinipigia simu usiku. Mama anakunywa maji wala hayamtoshi, macho hayaoni vizuri, mwili umelegea, na wamempeleka hospitali. Asubuhi nikapanda meli ya kwanza. Nilimkuta ametundikiwa maji. Usiku walipomtoboa kidole sukari ilikuwa 23, na ikumbukwe kuwa mtu akipimwa kabla ya kula na kukutwa na 7 tayari huhesabiwa kuwa ana kisukari. Muuguzi akamtoboa tena mbele yangu, ikaonekana imeshuka hadi 19. Saa ilikuwa bado mkononi mwa mama. Nikaibonyeza palepale. Ikaandika 5.4.

Alhamdulillah, alitibiwa na akarudi katika hali yake. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwake nikiwa na saa ile mfukoni. Mezani kulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa tangu mchana, vimeshapoa. Nikaifunga saa kwenye kiazi kimoja. Taa ya kijani ikawaka. Kiazi kikaonekana kina mapigo ya moyo 74 kwa dakika, presha ya 118 kwa 76, na sukari 5.4. Dada yangu alicheka sana. Mimi sikuweza kucheka.

Ndugu msomaji, tangu siku ile swali moja limekuwa likinisumbua, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hivi ni nani hasa aliyemdhulumu mama yangu?

Kabla ya kujibu, hebu tuutazame ukweli wa chombo chenyewe. Ile taa ya kijani si mapambo. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, kiasi cha damu chini ya ngozi hubadilika. Saa husoma mabadiliko hayo katika mwanga unaorudi, ikahesabu mapigo. Kuhusu hatua, ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono. Kwa hiyo saa iliyotengenezwa kwa uaminifu inaweza kuhesabu hatua na mapigo ya moyo kwa kiasi cha kuridhisha.

Presha ni jambo gumu zaidi. Samsung, kwa mfano, ambao saa zao baadhi zina huduma hiyo, humtaka mwenye saa aioanishe kwanza na kipimo cha kawaida cha kufunga mkononi, na kurudia hivyo kila baada ya siku 28. Ama sukari, Februari 2024 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa (FDA) ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vipo vifaa vinavyobandikwa mwilini na kuingiza kisindano chembamba chini ya ngozi, kisha vikatuma majibu kwenye simu au saa. Hapo saa ni kioo cha kusomea tu. Anayepima ni yule aliyeingia ndani ya ngozi.

Yote haya niliyajua baada ya mama kulazwa. Nilikuwa na simu mfukoni siku ile pale Makoroboi, na kuyatafuta kungenichukua dakika chache.

Sasa tuje kwenye mizani. Sisi wa Mwanza tunaishi na mizani. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uone dagaa na sangara wanavyopimwa. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wafanyabiashara na kuzibandika stika. Mtu akikutwa amechezea mizani, soko zima litamsema. Kila mtu pale anaelewa kuwa kuiba kwa mizani ni wizi, hata kama mteja ameondoka akitabasamu.

Nasi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulielewa hilo. Watu wa Madyan waliletewa Nabii Shuaib (AS), na miongoni mwa makosa makubwa aliyowakataza ni kupunja vipimo. Allah (SW) ameteremsha sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji, Suratul Mutaffifin. Mwezi uleule nilionunua saa nilikuwa nikiifundisha sura hiyo kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Niliwatolea mfano wa mizani za Mwaloni. Wala haikunipitikia kwamba nina mizani nyingine, nimeinunua mwenyewe, na nimeshamfunga mama yangu mkononi.

Nilirudi kwa yule kijana. Hakunikimbia, wala hakunitukana. Alisikitika kweli, kisha akasema: "Ustadh, mimi nauza kilichoandikwa kwenye boksi."

Nikakumbuka ile hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ya Mtume (SAW) alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta unyevu chini yake. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini basi asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akatoa onyo kali kwa anayedanganya. Mfanyabiashara yule alikuwa anaijua nafaka yake. Kijana wangu huenda hakuijua. Lakini alisema kwa mdomo wake kuwa "inapima". Huo ni ushahidi, na mtu hatoi ushahidi wa asichokijua. Angesema tu "boksi linadai hivyo, mimi sijui", angekuwa amesalimika.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, alinifariji kwa kuniambia: "Wewe hukujua. Kosa ni la waliotengeneza na waliouza." Nilitamani sana kuyakubali maneno yale. Lakini nadhani kuna kutojua kwa aina mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye njia ilikuwa wazi mbele yake, akaona bora asiipite.

Nikinunua sangara nafunua mashavu nione kama ni mbichi. Nikinunua mtungi wa gesi nautikisa. Iweje jambo la uhai wa mama yangu nikaridhika na maandishi ya boksi? Jibu lake halinifurahishi, ila nitalisema. Uongo ule ulinifaa. Stripu ni gharama ya kila mwezi, saa ni gharama ya mara moja. Kumuuliza mama kila siku kama amepima kulikuwa kunanichosha. Aliponiambia saa inamsifu, nilipata utulivu wa moyo kwa shilingi elfu 55. Niliposikia nilichotaka kusikia, nikaacha kuuliza.

Suratul Mutaffifin inamweleza mpunjaji kuwa ni mtu ambaye akijipimia yeye hutaka kijae, na akiwapimia wengine hupunguza. Siku zote nilikuwa nikimtafuta mtu huyo sokoni. Sasa namwona mahali pengine. Mimi nilijipimia utulivu wangu ukajaa hadi ukingoni, na mama nikampimia pungufu.

Wala si kwa mama tu. Saa yangu mwenyewe ilikuwa nzima, lakini mwenye saa ndiye alikuwa na kasoro. Iliniwekea lengo la hatua 10,000 kwa siku, nikadhani ni amri ya madaktari. Baadaye nilisoma asili yake. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua 10,000. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wenye wastani wa umri wa miaka 72 uliona vifo vilikuwa vichache kwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku kuliko waliotembea 2,700, na faida ilikoma kuongezeka kwenye hatua kama 7,500. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwa hiyo 10,000 inaweza kuwa lengo zuri, lakini si mpaka kati ya uzima na ugonjwa.

Mimi niliitii namba ile kiasi kwamba usiku mmoja, zikiwa zimebaki hatua 300, nilikaa kwenye kochi nikawa natikisa mkono. Namba ikatimia, saa ikanipongeza, nikaenda kulala. Hebu niambie, nilikuwa nampunja nani?

Naomba nieleweke. Sisemi saa hizi ni mbaya, wala simzuii mtu kununua. Umma huu una historia ndefu ya kupenda vipimo. Misikiti mikubwa ilikuwa na muwaqqit, mtaalamu wa kukokotoa nyakati za swala. Ibn al-Shatir alishika kazi hiyo katika Msikiti wa Umayya, Damascus, katika karne ya 14, na akatengeneza saa ya jua iliyowekwa msikitini hapo. Thamani ya kazi yake ni kwamba ilikuwa inakaguliwa: jua lilikuwa pale, na kila mwenye elimu aliweza kulinganisha.

Basi anayetaka kununua saa janja afanye hivyohivyo, ailinganishe. Tembea hatua 500 ukihesabu kwa tasbihi, kisha tazama saa inasemaje. Yangu ilisema 517, nikaridhika. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono, hesabu mapigo kwa dakika moja, ulinganishe. Ifunge kwenye kiazi: ikikipa kiazi presha, irudishe kwa mwenyewe. Ikidai kupima sukari kwa mwanga, usiinunue hata kwa elfu kumi. Na mgonjwa asiachishwe kipimo cha hospitali bila kauli ya daktari.

Kwa ndugu zetu wafanyabiashara: vifaa tiba vina msimamizi nchini, nayo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ulizeni kabla ya kunadi. Faida ya saa moja isiwafanye muwe mashahidi wa jambo msilolijua.

Mama amerudia kipimo chake cha zamani, na fedha za stripu natuma kila mwanzo wa mwezi kabla sijagusa mshahara kwa jambo jingine. Juzi aliniambia: "Kidole kinauma, lakini sasa najua." Mimi natembea baada ya swala ya Alfajiri, kutoka Kirumba kwa barabara ya Makongoro hadi naliona Jiwe la Bismarck, na nikichoka kabla ya namba kutimia narudi nyumbani.

Ile saa ya kiazi sikuitupa. Nimeiweka kwenye droo ya meza yangu shuleni. Tukifika tena kwenye Suratul Mutaffifin nitawaambia wanafunzi waifunge kwenye kifutio cha ubao, wasome wenyewe majibu. Kisha nitawaeleza ni nani aliyeinunua.

Wallahu a'lam.