Chini ya Jiwe

Jumamosi moja sisi Watanzania wachache wa Durban tulikwenda Krantzkloof kutafuta nyoka na vyura. Nyoka hatukumwona, vyura, wawili. Kiongozi wetu alitoa sharti moja: ukiinua jiwe, lirudishe ulivyolikuta, maana chini yake ni nyumbani kwa mtu. Tulicheka kusikia "mtu".

Wengi wetu ni wahandisi, na mazungumzo yakatupeleka Kihansi. Yule chura, mdogo kuliko kidole gumba, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umekwisha kuanza. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu ya maporomoko yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Walionusurika ni waliopelekwa Marekani mapema. Uzao wao ulianza kurudishwa mwaka 2012, chini ya mabomba ya kunyunyizia maji.

Je, tungejenga? Ndiyo. Umeme ule umewasomesha watoto wa ndugu zetu, na hatuoni haya kusema hivyo. Kinachotusumbua ni mpangilio: sisi wa fani hii tuliinua jiwe kwanza, ndipo tukauliza nani anaishi chini yake.

Tulipofika kwenye gari, mwenzetu mmoja akakumbuka jiwe aliloliacha wazi kando ya kijito. Tulimsubiri.